Kipa na Mtoa Ishara

Nyumbani, 2 Februari

Baba,

Hii nampa dereva wa lori la saruji akuletee mkononi, maana kwenye simu mimi na wewe hatuwezi. Ukipiga unauliza, "Wazima?" Nasema, "Wazima." Unasema, "Na mimi mzima." Halafu tunasikilizana tukipumua mpaka salio linakatika. Mama anasema tumefanana hata kwa ubovu.

Nina jambo la kukuuliza, na sitaki kulisema kwa sauti.

Jumamosi nilifungwa bao la kipuuzi. Mpira ulikuja polepole, ukanipita katikati ya miguu kama mbuzi anayerudi kwao. Nikalia. Si machozi ya kufuta na kiganja ukaendelea. Nililia hasa, nimepiga magoti golini, mpira bado umelala wavuni. Washabiki wa upande ule wakaanza kunibembeleza kama mtoto mchanga, wanayumba kulia na kushoto. Mshambuliaji wao akaja kunipa leso. Hata refa nilimwona akigeuza uso ili acheke vizuri.

Unanijua. Nikifurahi nalia, nikikasirika nalia. Nikikata vitunguu tu ndiyo silii.

Baada ya mechi Kocha aliniita pembeni. Hakunifokea, na hilo ndilo limenitisha. Alisema, "Kipa anayelia anawaonyesha wapinzani pa kupiga." Mechi za mwisho za ligi anataka kipa mmoja, asibadilishe tena. Ama mimi, ama kipa mwenzangu Twiga. Twiga mikono yake mirefu na machozi yake hayajulikani yalipo. Nikiachwa sasa, msimu ujao sitasajiliwa, nitabaki kupiga pasi mashati kwenye duka la ushonaji mpaka nizeeke.

Mjomba anasema kazini kwako uso wako hausomeki, na kwamba ndiyo maana wamekupa kazi ya ishara. Nifundishe unafanyaje.

Mama anakusalimu. Anasema mlango wa jikoni bado unalia.

Mwanao,
Kipa (kama nitabaki kipa)


Kambini, 11 Februari

Kipa wangu,

Barua yako imefika na alama ya dole la dereva ya saruji pembeni, kama muhuri. Nimeisoma nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kwa sababu viti vya hapa ni vya wahandisi. Mwandiko wangu utauvumilia. Shule niliiacha kabla haijanizoea.

Huyo aliyekupa leso usimchukie. Leso ni leso.

Sasa sikiliza kazi yangu ilivyo. Juu kabisa kwenye kibanda cha kreni anakaa Mwewe. Tunamwita hivyo kwa sababu anakaa juu na anapenda kuku. Mzigo ukiwa nyuma ya ukuta yeye hauoni, ananiona mimi tu. Kidole juu nikikizungusha, anapandisha. Kidole chini, anashusha. Mkono mmoja nikiunyoosha na kuupeperusha, anausimamisha mzigo palepale hewani. Mikono miwili ikinyooshwa pembeni na kupeperushwa, hiyo ni habari nyingine. Hapo kila kitu kinasimama: kreni, mashine ya zege, lifti, toroli, kila mtu. Hiyo anaweza kuitoa yeyote, hata mpishi, na lazima atiiwe. Ila kazi hairudi mpaka aliyeitoa aseme sababu mbele ya wote. Ndiyo sheria ya hapa, Mkuu wa kazi yote mwenyewe aliiweka.

Mimi sijawahi kuitoa. Mara moja niliyoiona ikitolewa, aliyeitoa alikuwa mpishi kweli. Tukasimama wote, tukauliza sababu. Akaomba maji, akanywa, akasema, "Nyoka." Tukamtafuta nyoka, tukamuua, tukaendelea.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa na woga, mkono ukanitetemeka. Mwewe akasoma mtetemeko ule kama neno, akashusha matofali juu ya choo cha wahandisi. Hakukuwa na mtu ndani, lakini mhandisi mmoja alikuwa njiani na gazeti lake. Tangu siku hiyo nimejifunza kuukausha uso. Uso ukikauka, mkono nao unatulia.

Fanya hivi. Ukianza kusikia koo linakaza, bana ulimi kwenye meno. Tafuta kitu kimoja kisichokuwa na habari nawe, ukitazame. Mimi hutazama boliti moja kwenye nguzo ya kreni, tunajuana. Na usiwapigie kelele mabeki. Sauti ikifungua mlango, machozi yanapita nyuma yake. Funga mdomo, kausha uso, acha mikono ifanye kazi.

Jirani yetu Kijiko anakusalimu. Yupo hapa karibu anachungulia ninachoandika, na kusoma hajui. Bado anavaa kijiko chake shingoni kwa kamba ya kiatu, anasema vya kambini vina ladha ya midomo ya watu.

Mlango wa jikoni upakeni mafuta kwenye bawaba. Kama mafuta hakuna, acheni ulie, mtajua nani anaingia.

Baba yako


Nyumbani, 1 Machi

Baba,

Nimefanya ulivyosema na imefanya kazi. Mechi mbili sijadondosha chozi. Nilitafuta boliti yangu nikaipata: kibao cha duka la rangi nje ya uwanja, kuna herufi moja imeanguka. Nikifungwa naitazama nafasi ya ile herufi.

Kocha amesema nimekomaa. Nahodha aliniuliza kama naumwa, nikamwambia siumwi. Yeye ni beki wa kati, anapenda kuniulizauliza.

Bawaba tumepaka mafuta. Mama anasema sasa nyumba imekuwa kimya mno.

Kipa


Kambini, 9 Machi

Kipa wangu,

Nimefurahi. Ile herufi iliyoanguka isirudishwe kabla ligi haijaisha.

Huku tupo. Kijiko amepumzika kidogo, hayupo kambini kwa sasa. Kazi inaendelea, jua ni kali, mpishi ameanza kupika bila chumvi kwa sababu ameambiwa na daktari wake kwamba chumvi ni mbaya, sasa wote tunakula dawa yake.

Kuna jambo dogo la waya wa kreni. Nyuzi zake zimeanza kukatika, si nyingi sana. Wenzangu wanataka Mkuu aelezwe ili uletwe mwingine, na wamenichagua mimi nikaseme. Niliuliza kwa nini mimi. Fundi wa mbao akasema, "Kwa sababu wewe hata ukiungua hukunji uso." Wakacheka, wakapiga kura ya mikono, basi.

Mimi sijawahi kusema mbele ya watu. Kwenye harusi yangu mwenyewe aliyeongea ni baba yako mkubwa. Mikono yangu inajua kusema lakini huyu wa kuambiwa ni Mkuu, si Mwewe. Wewe unazoea kutazamwa na uwanja mzima. Mtu anafanyaje?

Baba


Nyumbani, 17 Machi

Baba,

Kijiko amekuja.

Alishuka kwenye gari na bega limefungwa mpaka kifuani, mkono umelala kama wa mtu mwingine. Mkewe alimpokea barazani, Mama akakimbia na kanga moja begani, sisi wote tukakimbia. Tukakaa kwake, akaletewa chakula. Akakivua kijiko chake shingoni kwa mkono wa kushoto, akala kwa mkono wa kushoto, nusu ikaenda mdomoni na nusu kifuani. Akasema, "Sasa nakula kama naanza kufundishwa." Alitaka tucheke na tulicheka.

Ndipo alipotueleza. Kwamba waya uliruka, mzigo wa nondo ukashuka ghafla, nondo moja ikachomoka ikampiga. Kwamba watu walipiga kelele, wengine walikimbia, na wewe ulisimama mkono umeunyoosha, unamsimamisha Mwewe, kisha ukamshushisha taratibu mpaka nondo ya mwisho ikatua. Alisema, "Wote walilia. Mzee hakulia." Alisema kwa kukusifu. Tulipofika nyumbani ndipo Mama akasema, "Huyo kalia. Namjua. Kalilia ndani, na ndani hakuna wa kumfuta."

"Amepumzika kidogo." Baba, wewe.

Ya Mkuu sijui nikushauri nini zaidi ya ulichonifundisha. Bana ulimi, kausha uso, usipandishe sauti. Sema waya umechoka, sema unataka mwingine, kaa chini. Wakubwa hawapendi kelele.

Mimi niko sawa. Mechi zinaendelea.

Kipa


Kambini, 24 Machi

Kipa wangu,

Umenikasirikia na una haki. Sikutaka mama yako ahesabu kila jengo analoliona kwamba litaniangukia. Haya, mmejua, basi.

Nimeshasema na Mkuu. Nilivaa lile shati lenye kola. Tuliingia ofisini kwake, mimi, fundi wa mbao na Mwewe, ambaye chini anaonekana mfupi kuliko tulivyodhani. Mkuu si mtu mbaya, nikuambie. Alitupa viti. Nikabana ulimi, nikatafuta boliti, nikaipata kwenye feni ya dari. Nikasema kwa utaratibu: waya umechakaa, ulimwumiza mwenzetu, tunaomba mwingine kabla tangi la maji halijapandishwa kwenye paa. Sikutetemeka hata kidole. Nilijisikia kama natoa ishara.

Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nashukuru sana, Mzee. Wengi wakija hapa wanakuja na makelele. Wewe umeongea kama mtu mzima. Nimeona kwamba hata nyinyi wenyewe hamna wasiwasi mkubwa, ni jambo la kufuatilia tu. Nitaliweka kwenye ukaguzi ujao."

Akasimama, akatupa mkono. Tukatoka.

Nje fundi wa mbao akaniambia, "Umesema vizuri sana."

Mwewe akasema, "Ndiyo. Vizuri mpaka akalala."

Ukaguzi ujao ni baada ya tangi. Tangi litapanda wiki ya kwanza ya Aprili, na litapita juu ya vichwa vya wanaojenga ngazi. Ni tangi la chuma, mtu anaweza kuoga ndani na familia yake. Nimelala nikilifikiria. Sijui nilikosea wapi. Kila neno lilikuwa la kweli na nililiweka mahali pake.

Niambie habari za mpira, nisikie kitu kingine.

Baba


Nyumbani, 31 Machi

Baba,

Unataka habari za mpira. Niko benchi. Niko benchi tangu katikati ya Machi, na nilikuficha kama wewe ulivyonificha habari za Kijiko, kwa hiyo tumelipana.

Kocha hakuniweka benchi kwa kulia. Aliniweka kwa kutolia.

Tulifungwa mabao ambayo hayakuwa na sababu. Kona inapigwa, mimi kimya natazama herufi iliyoanguka, mabeki kila mmoja anadhani mwenzake anamwona yule mshambuliaji. Zamani nilikuwa napayuka, "Kushoto kwako! Mama Fujo, huyo nyuma yako!" Sauti inapasuka, machozi yananitoka, lakini watu wanajua pa kusimama. Sasa nimekuwa bubu. Mechi yangu ya mwisho Nahodha alinishika glavu tukienda mapumziko. Alisema, "Zamani nikisikia unalia huko nyuma, najua tuna kipa na kipa ana uchungu, nami napata uchungu. Sasa nikigeuka naona nguzo mbili, na ya tatu imevaa glavu. Kama hujali useme, nisikimbie peke yangu."

Baba, nilitaka kumwambia najali. Lakini nilikuwa nimebana ulimi.

Nimekaa benchi nikiwaza, na benchi lina muda mwingi. Naona hivi. Mwewe yuko juu na anakutazama wewe tu, na anachokitaka kwako ni mkono. Uso wako haumhusu, ukitetemeka anaangusha matofali. Mimi mabeki wamenipa mgongo. Mkono wangu hawauoni, uso wangu hawauoni, wana sauti tu. Uliniazima kazi yako nikaivaa kama shati la mtu mwingine, na nilikuomba mwenyewe, silaumu.

Na Mkuu je? Mkuu si Mwewe. Hajui kuisoma mikono yako. Alitazama usoni kwako kuona kama kuna hatari, na ulikuwa umeifuta yote. Halafu nami nikakuongezea, eti wakubwa hawapendi kelele. Mimi namjua mkubwa gani, zaidi ya mwenye duka la ushonaji?

Sisemi ukapige kelele. Sijui kama ukilia watakucheka kama nilivyochekwa mimi. Pengine watakucheka. Ila nenda ukaseme tena, na safari hii usitafute boliti. Mwambie Kijiko anavyokula.

Mama anasema: mwambie aseme anachokisema akiwa usingizini. Nikamwuliza unasemaga nini. Hakuniambia.

Nampa dereva leo hii, nimemsihi asilale njiani.

Mwanao


Kambini, 9 Aprili

Kipa wangu,

Barua yako ilinifikia jioni, na tangi lilikuwa lipande asubuhi. Dereva amesema umemsumbua mpaka amekula huku anaendesha.

Sikulala sana. Nilikuwa najaribu maneno. Fundi wa mbao kitanda cha juu akasema, "Kama unasali sali kimoyomoyo, wengine tuna dhambi zetu tumezilalia."

Asubuhi, kabla ya kazi, tunakusanyika wote uwanjani karibu na ngazi, Mkuu anatuambia ya siku: kofia, mikanda, nani yuko wapi. Mwisho anauliza, "Kuna mwenye neno?" Hajawahi kupata jibu. Nikanyoosha kidole.

Akasema, "Mzee wetu, karibu."

Nikasogea mbele. Nikasema, "Mkuu, Kijiko," na hapo nikakwama. Nilitaka kusema kwamba anakula kwa mkono wa kushoto. Nilimwona na hicho kijiko, nusu mdomoni nusu kifuani, kama ulivyoandika. Nikafungua mdomo, hakuna kitu. Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Kuna aliyecheka kidogo, simlaumu, nami ningecheka. Mkuu akasubiri, akatazama saa, akasema kwa upole, "Basi Mzee, utaniambia ofisini." Akampa ishara kijana wa pili anayetoa ishara nikiwa sipo, naye akainua kidole, akakizungusha. Waya ukakaza. Tangi likaachana na ardhi.

Mwanangu, sikupanga. Nilikuwa bado nimesimama pale na mdomo wazi kama mtu anayesubiri dawa. Mikono yangu ikaondoka yenyewe. Yote miwili, pembeni, nikaipeperusha.

Mwewe akasimamisha. Mashine ya zege ikazimwa. Lifti ikasimama njiani na watu wawili ndani yake. Mwenye toroli akaliachia hapohapo alipokuwa. Sijawahi kusikia kimya namna ile katika kazi hii. Nilisikia bomba likidondosha maji upande wa pili wa jengo.

Mkuu akageuka. "Nani ametoa?"

Nikainua kidole.

"Sababu?"

Hapo ndipo nikalia, mbele ya kambi nzima, na kola yangu. Si kilio cha sauti. Machozi tu, yanateremka kama yamepewa ruhusa, na pua nayo ikajiunga. Mkuu akatazama huku na huku. Kazi haiwezi kurudi mpaka aliyesimamisha aseme, na aliyesimamisha hawezi kusema. Sheria ni yake. Tukabaki hivyo, tangi linaning'inia kidogo juu ya ardhi, wale wawili wa lifti wanachungulia.

Msimamizi mmoja akasema, "Atolewe huyu, tunapoteza asubuhi."

Mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akasema, "Mwacheni kwanza. Hata mimi nyoka wangu nilimtaja baada ya maji." Akaniletea maji kwenye kikombe chake. Watu wakacheka, na kile kicheko kilinisaidia. Nikanywa.

Nikasema, "Sababu ni kwamba naogopa."

Mpishi akapokea kikombe chake.

Nikasema, "Ninasimama chini ya waya ule kila siku na uso mkavu, na kila siku naogopa. Siku ya Kijiko niliogopa. Nilipokuja ofisini kwako niliogopa. Leo naogopa kuliko siku zote, kwa sababu hawa wa ngazi ninawajua mmoja mmoja, na Kijiko hawezi tena kukifikisha kijiko mdomoni."

Sauti ilikuwa mbaya, inapanda na kushuka kama ya kijana anayebaleghe. Lakini ilifika mpaka kwenye lifti, maana mmoja kule juu akajibu, "Hata sisi." Kisha mwingine chini akasema, "Hata mimi." Mwewe hakuweza kusikia kutoka kwenye kibanda, lakini aliniona. Akatoa mkono dirishani, akaupeperusha na yeye.

Mkuu akavua kofia, akajikuna, akaivaa. Akaniuliza, si kwa hasira, "Mbona siku ile hukuniambia hivi?"

Nikamwambia, "Siku ile niliongea vizuri."

Akalitazama tangi. Halafu akasema, "Lishusheni." Tangi liliporudi chini na waya ukalegea, akaukagua mwenyewe kwa kuupitisha mkononi, bila glavu. Aliporudi kiganja chake kilikuwa na damu, nyuzi zilimchoma. Akakifuta kwenye suruali. Alisema kreni haitapandisha kitu mpaka waya mwingine uje. Umekuja jana. Unang'aa kama bangili.

Sasa na mengine nikueleze, nisikufiche tena. Ameniondoa kwenye ishara. Hakunifukuza, alisema si adhabu, lakini mtu ambaye mikono inaondoka yenyewe apumzike kwanza. Nafunga nondo na wale vijana, mgongo unanikumbusha umri wangu. Sina hakika kama nitarudishwa. Alichosema kina haki ndani yake, na huwa najibishana nacho nikiwa nimeinama. Wenzangu wakinipita wananinyooshea mikono miwili, kisha wananiuliza sababu. Nawajibu, "Nyoka."

Yale niliyokuandikia mwezi wa pili ni ya kreni. Yaweke, siku ukipata kreni utayatumia. Kwa mabeki piga kelele.

Mwambie mama yako sasa nimeshayasema yale ya usingizini nikiwa macho. Aache kujifanya msiri.

Baba yako, mfunga nondo


Nyumbani, 20 Aprili

Baba,

Barua yako niliisoma kwa sauti barazani kwa Kijiko. Nilipofika kwenye kijiko alisema, "Mzee amelia kwa ajili yangu? Basi wangenichangia na ile chumvi ambayo mpishi haitumii." Halafu akaomba nirudie pale pa lifti. Nikarudia mara nyingi.

Jumamosi kipindi cha pili Kocha aliniingiza. Nahodha ndiye aliyemwomba, sikujua. Nilimwambia Kocha kabla sijaingia, "Mimi nitapayuka na nitalia." Akasema, "Lia. Ila lia ukiwa umesimama."

Nikalia nimesimama. Nilipangua mpira wa kwanza wa mshambuliaji wao nikalia, nikamfokea Mama Fujo nikalia, Mama Fujo akanifokea na yeye. Upande ule wakaanza tena kunibembeleza, wanayumba. Mabeki wangu hawakusikia, walikuwa wananisikia mimi. Mpaka mwisho nilikuwa sina sauti, nalia kama kuku aliyekabwa, na bado walinielewa. Tulifungwa moja, na lile moja halikuwa la kipuuzi. Hatukupata la kurudisha. Kwa hiyo tumeshindwa, nisikupambie. Lakini Jumamosi ijayo naanza mimi, na Twiga ndiye aliyenibebea chupa ya maji.

Kibao cha duka la rangi wamekitengeneza. Sikukiona mpaka mechi ilipokwisha.

Jambo la mwisho. Mama alikuja. Tangu nianze kucheza hajawahi kukanyaga uwanjani, anasema moyo wake haukuumbwa kwa ajili ya penalti. Sikumwona alipoingia. Mpira ulikuwa umetoka nje, nikageuka kuuchukua, nikamkuta amesimama nyuma ya goli langu na mkoba wake wa sokoni miguuni, amenyoosha mikono miwili pembeni anaipeperusha. Watu wanamshangaa. Mshika kibendera anamwambia, "Mama, kaa chini."

Nikamwambia, "Mama, hiyo ni ya kusimamisha kila kitu."

Akasema, "Najua. Nimesomewa."

"Sasa sababu?"

Akasema, "Sababu hakuna. Nilitaka visimame kidogo, nikutazame."

Njoo nyumbani wakikupa likizo. Bawaba tumeacha kuipaka mafuta.

Kipa